Ngiri Iliyogoma Kurudi

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya treni, kuli mmoja alikuwa amejikunja, mkono kinenani. Mama mtu mzima aliyekaa karibu naye, wala hawakujuana, akamuuliza, "Ngiri hiyo, mwanangu?" "Mwaka wa nne huu, mama. Nikilala hurudi ndani yenyewe. Leo imegoma tangu asubuhi." "Umetapika?" "Mara mbili. Labda ni maharage." Maharage husingiziwa mengi.

"Mimi ni muuguzi mstaafu," mama akasema. "Ukuta wa tumbo lako umetoboka, utumbo umepenya na sasa umenaswa. Ukikosa damu utaoza. Daktari ataurudisha ndani, kisha atashona tundu au kuliziba kwa wavu. Lakini ni leo, si kesho."

"Nikipasuliwa sitabeba tena mizigo. Na kuli asiyebeba ni nani?"

"Utapumzika wiki kadhaa, kisha utabeba. Maiti ndiyo haibebi, hubebwa." Mimi nikajifanya nasoma gazeti.

Treni ikasimama kituo cha hospitali. Mama akamshika kiwiko. Kuli akainuka taratibu, jasho likimtiririka. "Nashuka," akasema, "lakini sipasuliwi."

"Shuka kwanza, baba. Tutabishana huko huko."