Rambirambi za Mheshimiwa Hruska

Vernon, dereva wa basi la asubuhi mjini Altoona, alipunguza mwendo makusudi. Nyuma yake wanawake wawili waliokutana humo humo ndani walikuwa wakibishana juu ya Mheshimiwa Hruska, aliyekaa miaka thelathini na sita katika bunge la jimbo la Pennsylvania na sasa anaomba muhula mwingine.

"Kafanya nini huyo, dada, zaidi ya kuliita daraja jina la mama yake?" aliuliza mwenye kofia ya sufu. Vernon huvuka daraja hilo mara nane kwa siku, na jina lenyewe bado halimkai kichwani.

"Mume wangu alipofariki, barua yake ya rambirambi ilifika kabla ya maua," alijibu wa koti jekundu. "Mimi simsahau."

"Hata mimi aliniandikia. 'Pole kwa kumpoteza mumeo Earl, nguzo ya mji wetu, mtu asiye na mfano.' Na Earl mzima wa afya, ndiye aliyeifungua!"

"Makubwa! Basi kura zenu kazikosa."

"Yangu, ndiyo. Earl ameitia barua fremu. Anasema miaka arobaini ya ndoa sijawahi kumsifu hata nusu yake."

Basi likasimama. Mwenye kofia akashuka, na pale kituoni marehemu alikuwa akimngoja na mwavuli, beji ya Hruska kifuani.