Mama Adija, Aliyemrudisha Wifi Kabla ya Adhuhuri

Ijumaa hii, tarehe 30 Septemba 2005, Mama Adija Seifu anastaafu baada ya kuitumikia Hilali Transit kwa miaka thelathini na moja na nusu. Thelathini na moja na nusu, jamani! Wengine wetu tulikuwa hatujazaliwa alipoingia, na wengine tulikuwa bado tunabebwa mgongoni. Uongozi umeniomba mimi, Ilias wa ghalani, niandike wasifu wake kwenye jarida letu, tena niandike kwa utulivu. Utulivu wenyewe nimeutafuta tangu Jumatatu sijauona, maana kila nikishika kalamu nacheka peke yangu.

Aliajiriwa tarehe 4 Machi 1974 kuwa mpokea simu, binti wa mtaa wa Bwiza, hapa Bujumbura, mwenye miaka ishirini na mitatu na sauti ambayo wateja wa Uvira na Kigoma walikuwa wakiisalimia kwanza kabla ya kutaja shida yao. Enzi hizo simu ya kampuni ilikuwa ubao mzima wa matundu ukutani, na nyaya zenye fishi, yaani plagi, za shaba. Mteja akipiga, Mama Adija anachomeka fishi hapa, anachomeka nyingine pale, watu wanaongea. Tangu wiki ya kwanza alijiwekea sheria moja: hachomoi waya wakati mtu bado yuko kwenye laini. Hata mkurugenzi aje juu akiitaka laini hiyo hiyo, jibu lilikuwa moja: "Apana, patron, mi sikati mutu." Wakurugenzi watatu walilisikia jibu hilo kwa zamu zao, na wote watatu walisubiri.

Vita vilipotuingilia mwezi wa Oktoba 1993, ofisi ilifungwa kwa muda. Ilipofunguliwa, Mama Adija alianza kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Kila asubuhi alipiga simu nyumba kwa nyumba, Bwiza, Nyakabiga, Kanyosha, kwa mfanyakazi mwenyewe au kwa jirani yake mwenye simu, akiuliza neno moja tu: "Mumeamka?" Akishajibiwa, anaeleza njia ipi inapitika na ipi siyo ya kuijaribu, kwa sababu madereva wetu walikuwa wameshampa habari. Mimi kuna asubuhi moja ya mwaka wa tisini na tano sikutoka nyumbani kwa sababu ya simu yake. Mpaka leo mama yangu akimuona Mama Adija sokoni anamshika mikono yote miwili na kumchelewesha na ndizi zake.

Vikwazo vya biashara vilipokuja, vipuri vikawa ndoto. Ubao wa simu aliutengeneza mwenyewe kwa nyaya alizochomoa kwenye redio mbovu, na ukadumu hadi mwaka 1999. Siku ulipobanduliwa ukutani, wenye busara zao walinong'ona kwamba sasa mama huyu atapumzika, kompyuta si mambo ya umri wake. Wallahi, niliwasikia. Baada ya miezi minne, wenye busara hao hao walikuwa wamejipanga mlangoni kwake wakimwomba awafungulie barua pepe zao.

Mwaka 2003 paa letu lilipata sahani ya setilaiti. Mwaka uliofuata kampuni ikanunua laptopu moja, pamoja na kikasha chenye pembe mbili kilicholetwa kutoka Dubai, kinachorusha mtandao hewani bila waya. Kikasha hicho, kwa Kifaransa chetu cha hapa mjini, tunakiita wifi. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, maana kwa Waswahili wifi ni dada wa mume! Mama Adija alicheka wiki nzima. Akasema jina limekaa mahali pake: wifi haonekani kwa macho, lakini yumo ndani ya nyumba na anasikia kila kitu.

Sasa niwaleteeni habari ya ndoa ya Tahani, maana bila hiyo wasifu huu ungekuwa wa mtu mwingine.

Tahani, katibu wetu wa ghorofani, alikuwa amechumbiwa na Hamood, kijana wa hapa hapa Bujumbura anayefanya kazi bandarini Muscat. Mara mbili Hamood alifunga safari kuja kuoa. Ya kwanza, mabomu yalikuwa yakianguka mjini, akaishia Nairobi na sanduku lake. Ya pili walimnyima ruhusa kazini. Baba yake Tahani ni marehemu, kwa hiyo mwenye kauli ni ami yake, Mzee Massoudi, na Mzee Massoudi uvumilivu ulikuwa umemwisha. Kulikuwa na posa nyingine kutoka Kigoma, ya mtu wa heshima zake ambaye angalau, alisema mzee, miguu yake inamfikisha mlangoni. Ndoa ya wakili, mtu mwingine akubali kwa niaba ya Hamood, aliikataa katakata. Sheikh Anouar akamshauri: basi bwana harusi asikike kwa sauti yake, mbele ya mashahidi wanaoijua, na maneno ya kuozesha na kukubali yafuatane katika kikao kimoja bila kukatika. Mzee akakubali kwa shingo upande na kuweka mpaka: ikifika adhana ya adhuhuri bila neno la Hamood, anaipokea posa ya Kigoma siku hiyo hiyo.

Simu ya kawaida kwenda Muscat ilikuwa inakatika kila ukivuta pumzi. Mama Adija akasema, leteni watu hapa kazini, tutaongea kupitia intaneti.

Jumamosi, tarehe 27 Novemba 2004, wiki mbili baada ya Idi, ua wetu wa kupakulia mizigo ulifagiliwa na kutandikwa mikeka. Wanaume uani, wanawake ndani ya ghala langu wakiwa wameketi juu ya magunia ya chumvi kama malkia, Tahani katikati yao na hina hadi kwenye viwiko. Kwa kawaida laptopu ilifanya kazi kwa waya, chumbani kwa Mama Adija, na waya ule haufiki uani. Kwa hiyo saa nne akachomoa waya, akasubiri kidogo, alama ya wifi ikawaka, akaibeba mashine hadi kwenye meza mbele ya Sheikh. Akaunganisha spika mbili. Saa tano na nusu Muscat ikaitikia, sauti safi kabisa, utadhani Hamood yuko nyuma ya lori. Watu wakapiga takbiri!

Na hapa, wasomaji, naomba msinitazame usoni mkinikuta kantini.

Mimi vitu vya hewani siviamini. Nilipoona maisha ya Tahani yananing'inia kwenye kitu kisichoshikika, nikaona nimsaidie Mama Adija. Ghalani mna tundu la mtandao ukutani. Nilikuwa na waya mrefu wa buluu. Nikaupitisha dirishani, nikazunguka nyuma ya meza kimya kimya na kuuchomeka kwenye ubavu wa laptopu. Nikajisemea, mbili ni bora kuliko moja. Ninyi mnaijua methali: mshika mawili, moja humponyoka. Nami niliijua, ila sikujua kwamba inahusu laptopu.

Sheikh alikuwa ameshamaliza hotuba. Mzee Massoudi alikuwa ameshasema, kwa sauti ya kukwaruza, kwamba anamwozesha Hamood binti wa ndugu yake. Ikabaki zamu ya Hamood. Spika zikakaa kimya. Tukasubiri. Kimya. Mama Adija akapiga upya, haikwenda. Akapiga tena, haikwenda. Jasho likanitoka hadi miguuni, na mimi, badala ya kufunga mdomo, nikapayuka uani kote: "Wifi amekataa! Wifi amekataa!"

Lo! Mnajua Hamood ana dada mmoja tu, Soumaya, anayeishi naye huko Muscat, na mnajua mwanzoni Soumaya alikuwa na maneno yake juu ya uchumba huu. Mzee Massoudi aliinuka kwenye mkeka kama aliyekalia kaa la moto. "Kama wifi anakataa, mi naozesha nani?" Akaanza kuvaa viatu. Ghalani wanawake wakapokea habari kwa namna yao, na kilio nilichokisikia kikitoka kule kilikuwa cha Tahani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Saa yangu ilisema dakika kumi na mbili kabla ya adhana.

Mama Adija hakupandisha sauti. Alimuomba mzee avae viatu polepole, kwa sababu haraka haraka haina baraka, kisha akainamia kile kioo. Pembeni chini kulikuwa na alama mbili zinawaka, na yeye alikuwa amewasha moja. Akauliza nani ameigusa mashine. Nikanyoosha kidole juu kama mtoto wa darasa la pili.

Akaufuata waya wa buluu kwa macho, kutoka mezani hadi dirishani, na mara moja akaelewa. Lile tundu la ghalani linakwenda kwenye kikasha cha zamani cha intaneti ya laini ya simu. Laini yenyewe ilikatika na mvua za Oktoba, lakini kikasha bado kinawaka taa zake na kujibu kila anayekibishia hodi. Na laptopu, alitueleza baadaye, ina tabia moja: ikiona waya na wifi kwa pamoja, inaukimbilia waya na kumpa wifi kisogo, hata kama huo waya hauendi popote. Wifi hakuwa amekataa chochote, maskini. Alikuwa amesimama pale pale mlangoni, alama zake zimejaa, hakuna anayemkaribisha.

Dawa ilikuwa kuchomoa. Aliushika ule waya, na nawaapia, mkono wake ulisita. Miaka thelathini hajamkatia mtu! Kama Hamood alikuwa bado upande wa pili, anasema neno lake sisi hatumsikii, je? Nilimuona anafumba macho. Kisha akasema, si kwetu, ni kama anajisemea mwenyewe: "Waya isiyo na mutu ni kamba tu." Akachomoa.

Alama moja ikazimika. Akahesabu kwa midomo hadi kumi, akaacha wifi ajishike vizuri, akapiga. Ikaita. Ikaita tena. Na nani alipokea? Soumaya! Dada mtu mwenyewe, anafoka kwenye spika zote mbili hadi mikeka ikatetemeka: "Nyinyi vipi! Mbona mumetukata? Sisi tuko hapa tunamtaka bibi harusi wetu!" Kisha akapiga vigelegele. Ghala langu likamjibu kwa vigelegele ambavyo nadhani vilisikika hadi Nyakabiga.

Mzee Massoudi alikuwa na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Akakiweka chini. Sheikh Anouar akasema tunaanza upya, neno baada ya neno, na mzee akalirudia la kwake, safari hii sauti haikukwaruza. Hamood akajibu kwamba ameikubali ndoa ya Tahani kwa mahari yaliyotajwa. Sheikh akamtaka arudie mara ya pili, akarudia. Mara ya tatu akaisema kwa nguvu hadi akakohoa. Mashahidi wakaitikia kuwa wamesikia na wameijua sauti. Dakika mbili baadaye, haki ya Mungu, adhana ya adhuhuri ikapaa juu ya Bwiza, na mimi nikakaa juu ya gunia nikalia kama mjinga.

Kosa langu Mama Adija hakulipeleka kwa mkurugenzi. Aliandika karatasi kwa mkono na kuibandika juu ya meza yake, na bado ipo. Inasema ukitoka na mashine chomoa waya kwanza, hesabu kumi, kisha tazama alama. Ukirudi chumbani mzime wifi kwa kile kitufe cha ubavuni ndipo uchomeke waya. Na usiache viwili vikagombania mashine moja. Mwisho wa karatasi ameongeza: Ilias asiguse. Nimeomba mistari yote ibaki.

Ndoa ilikuwa imepita lakini njia ilikuwa bado nzito, na Hamood hakuweza kuja kwa miezi mingine saba. Kila Jumamosi ya miezi hiyo saba, siku yake ya mapumziko, Mama Adija alikuja kazini, akampigia Hamood kwa ajili ya Tahani, na ilipoitika akatoka nje kukaa uani na kufuma vitambaa vyake hadi wamalize. Hakuna aliyemwomba. Niliwahi kumuuliza kwa nini anajisumbua, akaniambia mume na mke hawawezi kuishi kwa neno moja la "nimekubali". Hamood alitua Bujumbura mwezi wa Julai mwaka huu.

Mama Adija, kampuni imekuandalia cheti, na cheti ni kizuri, nimekiona. Lakini sisi wa ghalani, wa magari na wa ghorofani tunakushukuru kwa asubuhi zote ulizotuuliza kama tumeamka. Ukae kwako kwa afya, ufume, ulale usingizi wa kutosha, na Mungu akulipe kwa kila mtu uliyemngojea amalize kuongea. Tutakukumbuka kwa kelele, si kwa kimya.

Nilimuomba Tahani aongeze ukurasa wake hapa. Alikaa nao siku tatu, kisha akanirudishia mstari mmoja, akisema zaidi ya huo analia:

"Mama Adija, leo asubuhi nimegombana na mume wangu kwa kuacha taulo limelowa kitandani. Asante."