Jaribu Kwanza: Dada Yetu wa Duka la Dawa

Ndugu, jamaa na majirani, mtakayoyasikia hapa hamtayaamini. Msipoyaamini, kaka yake marehemu hatanung'unika, maana sifa yake ya kuongeza chumvi inajulikana hadi kwa wachimba kaburi wale pale. Lakini leo ameapa kupunguza. Kilichobaki ni kweli tupu, au karibu na hapo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu na binti wa pekee wa fundi cherehani na mkunga. Mama yao alisema mtoto hakulia sana. Alikodoa macho akawatazama wote chumbani mmoja mmoja, kama anayewakagua. Kaka yake, aliyekuwa na miaka sita, alikaguliwa wa mwisho, na anaamini hadi leo kwamba hakupasi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, kisha sekondari hadi 1975. Alipokuwa kidato cha pili, chunusi zilimvamia uso mzima. Kaka yake, badala ya kumfariji, alimbandika jina la "Ramani". Binti alicheka pamoja na wengine, kisha akaingia bafuni na sabuni ya kufulia na brashi ya viatu, akajisugua mpaka ngozi ikatoka. Alama ya siku ile alikufa nayo, chini ya shavu la kushoto. "Nilidhani ni uchafu," alizoea kusema, "kumbe nilikuwa nasugua umri wangu." Kaka yake hakuwahi kulitamka tena jina lile, ila leo, kwa ruhusa yake.

Mwaka 1978 alihitimu chuo cha utoaji dawa, wa pili darasani. Mkisikia mahali kwamba alikuwa wa kwanza, mnajua uvumi ulianzia kwa nani. Alifanya kazi kwenye dirisha la dawa la hospitali kuu kwa miaka kumi na sita, na mwaka 1995 akafungua duka lake dogo kati ya saluni na muuza vipuri vya baiskeli. Kaunta ilikuwa ya mbao, mizani ya shaba, benchi moja la wagonjwa.

Hapo ndipo alipopata jina la "Jaribu Kwanza". Kijana akiingia ameficha uso na kuomba dawa kali kuliko zote, marehemu hakuigusa rafu. Alimuuliza: unanawa na nini, umepaka nini jana, unaminya? Kisha alimpa dawa hafifu na sharti: apake tone dogo mahali pamoja kwa siku tatu, atazame ngozi inasemaje, ndipo apake uso. Asichanganye dawa mbili. Asubiri wiki sita hadi nane. Wengine aliwarudisha nyumbani bila dawa yoyote: maji vuguvugu, sabuni isiyo na manukato, mara mbili kwa siku, na utomvu safi wa mshubiri, nao ujaribiwe kwanza. "Mama, si ni mmea tu?" walimuuliza. "Na upupu ni nini, mwanangu? Mchicha?"

Mume wake alimpata kwa chunusi. Fundi saa huyu alifika kwenye dirisha la dawa mwaka 1983 na kipele kimoja juu ya pua, kesho yake apigwe picha. "Usikiminye. Kiache," marehemu alimwambia. "Na picha je?" "Geuka upande." Kipele kilipona siku ya tano. Fundi akaendelea kuja kukaguliwa kwa miezi saba. Walifunga ndoa tarehe 4 Agosti 1984, na kwenye picha ya harusi bwana harusi ametazama pembeni, kwa mazoea.

Sasa kaka yake anafika mahali ambapo angependa kuruka. Mwezi Juni 2004, binti yake wa miaka kumi na sita alichaguliwa kusoma hotuba ya kuaga shule siku ya Jumamosi. Uso ulikuwa umejaa vipele, na binti akasema hasimami mbele ya watu. Shangazi yake alimwambia avumilie, dawa yake ilikuwa na wiki mbili tu. Lakini baba mtu ni mjuaji. Alhamisi asubuhi alinunua sokoni kikopo cha krimu kisicho na lebo, akakikorogea maji ya ndimu kwa sababu ndimu ni ya asili na cha asili hakidhuru, akampaka binti uso mzima kama anayepiga lipu ukuta.

Haikupita nusu saa. Uso ulikuwa mwekundu, midomo imevimba, macho yamebaki mistari. Shangazi aliitwa, akaja mbio na koti lake jeupe, akamwosha binti kwa maji mengi.

"Itashuka tu, dada," kaka alisema. "Tungoje kidogo."

"Mwanangu, niambie jina lako." Sauti iliyotoka ilikuwa ya kukwaruza, na binti alishika koo. "Kaka, hii si chunusi tena. Koo linaziba. Tafuta gari!"

Walifika hospitali kwa gari la mikate la jirani. Daktari alisema wangechelewa robo saa, wangekuja na maiti.

Marehemu hakumgombeza kaka yake hata neno moja. Alimpa adhabu mbaya zaidi: kila Jumamosi, mwaka mzima, alimkalisha kwenye benchi la duka awasimulie vijana alichokifanya. Na kaka akasimulia. Vijana walikuja hadi wasio na chunusi. Binti mwenyewe leo ni mwalimu, na uso wake mnauona pale mstari wa mbele. Mtazameni vizuri. Hiyo ndiyo kazi ya dada yetu.

Marehemu alianza kuugua moyo mwaka 2021. Alifariki hospitalini Alhamisi, tarehe 9 Mei 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na sita, mume wake amemshika mkono. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, kaka wawili, mwalimu yule aliyemwita shangazi, na mji mzima wenye nyuso za kutazamika. Apumzike kwa amani, yeye ambaye hakuwahi kuharakisha kitu.

Wasifu huu aliuagiza mwenyewe. "Nikikuachia peke yako utanizika malkia," alimwambia kaka yake, "njoo unisomee." Alisomewa wiki moja kabla ya kufariki, amefumba macho, binti yule ameketi miguuni pake. Alikata mistari minane. Kaka alipofika kwenye siku ile ya Juni, aliinua sauti na kusoma: "Ndani ya gari lile, marehemu alimpakata binti kama simba jike, hakuogopa kitu, mikono yake haikutetemeka hata kidogo, wala—"

"Ilitetemeka, kaka," alisema bila kufumbua macho. "Andika ilitetemeka."