Mama Pindo, Aliyeuza Nyumba Moyo Ukibaki Ndani

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kumsindikiza mama yetu, tunaomba mtulie kidogo tuwasimulie alikotoka.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mama Pindo, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mwashi na mkewe, akasoma hadi darasa la saba, kisha akajifunza ushonaji kwa shangazi yake, na jina hilo alilipata kwa kuwa hakukubali nguo itoke mlangoni pindo likiwa limekwenda upande.

Tarehe 12 Juni 1973 alifunga ndoa na fundi bomba aliyekuja kuchukua suruali aliyomshonea akasahau kuondoka, wakajaliwa mtoto wa kiume na wa kike, wakajenga nyumba yao chumba kimoja kimoja, kadiri riziki ilivyoruhusu.

Mumewe alipofariki mwaka 2016, watoto, kwa nia njema, walimshauri auze nyumba ahamie kwa mwanawe, naye akatia saini mkataba uliosema kwamba dalali akishaleta mnunuzi wa bei iliyokubaliwa atalipwa kamisheni yake, hata mwenye nyumba akighairi. Mnunuzi alipopatikana, marehemu aliingia chumba cha kushonea, akakaa humo kitambo, akatoka akasema hauzi tena. Dalali, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimweleza kwa upole kwamba kughairi ni haki yake, ila kamisheni iko palepale.

"Nikulipe kwa kitu gani, mwanangu," akamwuliza, "na nilichonacho ni hii nyumba?"

Watoto walijaribu kuchanga fedha za kamisheni, hazikutimia, nyumba ikauzwa.

Kwa mwanawe, ghorofa ya tatu, alipokewa vizuri, mkwewe akamwekea cherehani dirishani, lakini akisema "nyumbani" kila mtu alijua hamaanishi pale. Mara kwa mara alimwomba binti yake wapitie mtaa wa zamani, wakasimama ng'ambo ya barabara, akayatazama mapazia ya wenyewe, mwishowe akasema, "Twende, wasije wakadhani tunawachungulia."

Alianza kusumbuliwa na moyo Agosti 2022, akalazwa, na siku za mwisho alikuwa akiuliza kama mlango wa uani umefungwa, naye binti yake akimjibu, "Nimefunga, mama." Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Februari 2023.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa kule na wa huku, mafundi cherehani wenzake, na wewe unayeishi sasa katika nyumba ile, tumekuona umesimama nyuma, tafadhali njoo ukae huku mbele na sisi.

Pumzika sasa kwa amani, mama yetu, umefika.