Machozi Niliyonyimwa Msibani

Asifiwe Bwana, ndugu zangu! Wazee wangu, shikamooni. Mimi ndiye yule wa Kamuli mliyempa jina Mama Machozi.

Macho yangu yalivuja miaka mingi. Nikichuma kahawa, yanavuja. Nikimenya ndizi, yanavuja. Harusini niliombwa nikae nyuma nisimletee bibi harusi mkosi! Nilitia maziwa, nikatia maji ya majani niliyopewa na majirani. Wapi! Yakazidi kuwasha.

Kisha mume wangu Deo akafariki. Jamani, ndugu zangu! Tulimzika kibanjani, kati ya migomba. Nimekaa kwenye nyasi na wanawake wenzangu, moyo umepasuka, nalia. Wifi yangu Leokadia akasema watu wote wakisikia, "Huyo ndivyo alivyo kila siku. Kaka yangu hajamlilia hata kidogo." Hakuna aliyenishika bega. Msiba wa mume wangu mwenyewe nikaulia peke yangu.

Nikaomba, "Bwana, nikaushe macho, ili nikilia wajue nalia."

Haikupita muda, kanisani ikatangazwa kwamba madaktari wa macho wanatafuta watu wazima wenye machozi yasiyokatika, wajaribu dawa ya matone. Walitueleza wazi: wengine tutapewa dawa, wengine matone yasiyo na dawa, na hata nesi hajui nani kapata yapi. Nilikubali. Asubuhi na jioni nilitia tone, nikasali. Polepole mashavu yakakauka. Chupa yangu ilikuwa na nini, bado hatujaambiwa. Aliyenikumbuka ninamjua!

Ikafika ibada ya kumkumbuka Deo. Nilisimama kaburini macho makavu, wifi ananitazama tu. Walipoanza wimbo ambao Deo alikuwa akiuimba akipalilia, machozi yakanishuka. Nililia, nikaketi chini kando ya kaburi. Leokadia akaja, akapiga magoti, akanifuta kwa kitenge chake.

"Wifi, nisamehe. Kumbe ulikuwa unamlilia."

"Tangu siku ile," nikamwambia. Tukalia pamoja.

Ndugu zangu, Deo hajarudi. Bado napika chakula kingi kuliko ninachoweza kula. Lakini namshukuru Mungu, sasa nikilia nina wa kunishika. Na wewe unayelia bila kuaminiwa, mtumaini Yeye. Watu walingoja macho yangu yakauke ndipo wayaamini machozi yangu. Bwana hakungoja.