Bi Ardis Kvamme, Aliyetuuliza Sote Tuko Wapi

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 2025, saa tisa alasiri, Bi Ardis Kvamme atazima kompyuta yake hapa Kampuni ya Mbegu ya Ostby baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Miaka ishirini na miwili kati ya hiyo amekuwa msimamizi wa jukwaa letu la mtandaoni la watu wa bustani. Mhariri wa jarida aliniomba mimi niandike maneno haya kwa kuwa meza yangu imepakana na ya Bi Ardis. Alitaka kitu cha kuchangamsha, kisizidi kurasa mbili, na nisisahau kutangaza kwamba kila idara ilete chakula cha sherehe ya kumuaga. Basi leteni chakula. Mengine nitajitahidi, ingawa mkisoma hadi mwisho mtaona kwamba kazi hii ilistahili kupewa mtu mwingine.

Aliajiriwa mwaka 1994 kufunga pakiti za mbegu kwenye chumba cha chini, kule kusikokuwa na dirisha. Waliofanya naye kazi wanasema alikuwa akichota mbegu za karoti kwa ncha ya kijiko na kupata kipimo sawasawa, mizani ikabaki kuwa pambo tu. Baada ya miaka minne wakampandisha juu kupokea simu za wateja. Huko ndiko alikoanza na swali lake. Mteja akipiga kulalamika kwamba waridi lake limekauka, Bi Ardis hakuuliza alilimwagilia maji vipi wala alilitia mbolea gani. Alimuuliza yuko wapi.

Mwaka 2003 kampuni ilipofungua jukwaa, alikabidhiwa yeye, na siku ya kwanza akaweka sharti moja ambalo halijabadilika: kila mwanachama aandike chini ya jina lake mji anaokaa na namba ya kanda yake ya baridi. Kwa ndugu zetu wa idara ya usafirishaji ambao hawajawahi kushika koleo, kanda ni namba inayoeleza baridi ya mahali ulipo hufika wapi inapofika mwisho wake. Watu wa kanda ya 3 huchimba theluji kwanza ndipo walione gari lao. Watu wa kanda ya 9 huchuma machungwa mwezi Januari na kututumia picha bila huruma. Sisi wa Duluth na vitongoji vyake, huku kaskazini mwa Marekani, ni wa kanda ya 4, na mti usioijua namba hiyo hufa hata ukipendwa namna gani.

Wapo waliodhani mama huyu ni mpekuzi. Mwanachama mmoja mpya alimwandikia kwa ukali kwamba hawezi kumpa mtu asiyemjua anwani yake. Jibu la Bi Ardis tumelibandika ukutani jikoni kwetu: "Namba ya nyumba yako sina haja nayo, mpenzi. Nipe baridi yako tu." Na palipokuwa na hofu ya kweli alijua kulegeza. Kuna mama aliyekuwa amemkimbia mume mkorofi. Huyo aliruhusiwa kuandika namba ya kanda bila jina la mji, na msimamizi akamfukuza mara moja mtu aliyeanza kumchokonoa.

Tunacheka bado kuhusu bwana wa nyanya. Huyu alilalamika mwezi Juni kwamba nyanya zake haziongezeki hata inchi moja na kwamba mbegu zetu ni takataka. Bi Ardis akamuuliza yuko wapi. Bwana akajibu kwamba swali hilo halihusiani na nyanya. Walivutana kwa jumbe kumi na moja, yeye akiuliza lile lile kwa upole ule ule, hadi bwana alipokiri kwamba anaishi Tasmania, kule chini ya dunia, ambako Juni ni katikati ya majira ya baridi. Tangu siku hiyo bwana huyo hututumia salamu kila Krismasi pamoja na picha za nyanya zilizoiva.

Na mwaka 2023, ramani mpya ya kanda ilipotolewa na wengi wetu tukajikuta tumesogezwa nusu kanda kuelekea kwenye joto, jukwaa lilijaa shangwe na watu wakaanza kuagiza miti ya kusini. Bi Ardis aliandika sentensi moja tu: "Ramani imehama, ila Januari bado haijaisoma." Maagizo yakapungua wiki ile ile, na wakubwa hawakufurahi, lakini miti mingi iliokolewa.

Kazi yake kubwa kuliko zote ilikuwa Orodha ya Miti Iliyopona. Kwa miaka kumi na sita alikusanya kutoka kwa wanachama habari za miti iliyovuka majira ya baridi, mji kwa mji, kanda kwa kanda. Hakuna mti ulioingia kwenye Orodha bila yeye kumuuliza mwenye mti. Watu wa kaskazini waliiamini kuliko vitabu. Mwaka 2019 Orodha ilichukuliwa mikononi mwake na kupewa mtu mwingine, na toka hapo mstari ulio chini ya jina lake jukwaani umesomeka hivi: "Ardis, Duluth, kanda ya 4. Niliwahi kukosea kuhusu mipichi. Niulizeni mara mbili."

Wengi mmeuona mstari huo. Wengine mmemtania nao, mkamwita Mama Mipichi, naye akajibu kwa adabu. Inanibidi sasa niseme mstari huo ulitoka wapi, na mwandishi wa wasifu huu itambidi ajitaje.

Mimi ni Royce Tollefson, ninayeandika maelezo ya miti kwenye orodha yetu ya bidhaa. Nakaa Cloquet, kanda ya 4. Kwa miaka kadhaa nilikuwa na mpichi, mti wa matunda usiovumilia baridi kali, na kila Agosti niliweka jukwaani picha ya pichi zake, nyekundu shavuni na zenye manyoya, mahali ambapo mpichi haupaswi kuishi. Watu waliniita Mchawi wa Cloquet. Nililipenda jina hilo kupita kiasi. Nilichokuwa sisemi ni kwamba mti wenyewe ulipandwa kwenye nusu pipa lenye magurudumu, na kila Oktoba niliusukuma hadi gereji yenye kipasha joto, ukalala humo mpaka Mei. Kabla ya kupiga picha nililifukia pipa kwa majani makavu na udongo hadi ukingoni, ili uonekane umeota ardhini. Nilikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na sita, nimepiga magoti uani, nafukia magurudumu. Nikikumbuka hilo peke yake nasikia uso unawaka.

Machi 2018 aliniandikia Bi Merle Dufresne wa Bemidji, kanda ya 3, dereva mstaafu wa basi la shule. Ujumbe wake ninao: "Royce, huo mpichi wako unakaa nje mwaka mzima? Nieleze ukweli, mwenzangu. Mume wangu Odell ni mtu wa Georgia, kule kusini kwenye pichi, na mapafu yake hayamruhusu tena kusafiri. Nataka ale pichi ya uani kwake."

Nilikuwa nakula chakula cha mchana. Kwa mkono mmoja nimeshika mkate wa nyama, kwa mkono wa pili nikamjibu kwamba unakaa nje kabisa, auvishe majani makavu tu, utapona. Hata sikuacha kutafuna.

Siku hiyo hiyo Bi Ardis alisimama mezani kwangu na daftari lake, maana Bi Merle alikuwa ameomba mti huo uangaliwe kwa ajili ya Orodha. "Royce, mti wako uko nje Januari?" Nikasema uko nje. Akaandika. Alikuwa ameniamini kwa miaka tisa ya kukaa naye, na hakuona sababu ya kuacha siku hiyo.

Bi Merle alipanda mipichi mitatu mbele ya dirisha la chumba cha Odell. Ilitoa majani kiangazi kile, na alituwekea picha ya mzee na kofia yake ya majani, ameketi katikati ya miti inayomfika kifuani. Januari iliyofuata baridi ilishuka digrii arobaini chini ya sifuri. Odell alifariki mwezi Machi, theluji ikiwa bado imefunika kila kitu. Mei Bi Merle akakwangua magome kwa ukucha, kama sisi sote tufanyavyo, akitafuta ukijani chini yake. Akaandika jukwaani: "Yote mitatu imekufa. Nimekwangua hadi chini, ni kahawia tupu. Nashukuru Odell hakuiona."

Hakumlaumu mtu. Wengine ndio waliolaumu. Watu wa kanda zote walitaka kujua ni nani aliyeingiza mpichi kwenye Orodha kwa ajili ya baridi ya kaskazini. Mimi niliandika jibu mara tatu na kulifuta mara tatu. Kabla sijaanza la nne, Bi Ardis alikuwa ameshaandika lake: "Orodha ni yangu. Nilikosea. Samahani sana, Merle." Wiki hiyo wakubwa wakamnyang'anya Orodha. Mimi nilikaa mita mbili kutoka kwake nikamwona akiyapakia madaftari yake kwenye katoni, na nikamsaidia kuibeba. Kubeba katoni niliweza. Kusema sikuweza. Mpichi nilimpa shemeji yangu wa Iowa, nikatangaza jukwaani kwamba umekufa kwa ugonjwa, na watu wakanipa pole.

Miaka sita nimeusoma ule mstari wake kila asubuhi. Sina la kujitetea. Niliona aibu mwanzoni, kisha nikaizoea, na kuizoea huko ndiko kunakoniaibisha zaidi leo.

Jumanne iliyopita, baada ya kuombwa niandike wasifu huu, nilimpelekea kahawa mezani kwake. Alikuwa akishusha vyungu vyake kutoka dirishani na kuvifuta kimoja kimoja. Nikamweleza yote, pipa, gereji, majani makavu, jibu nililolitoa nikitafuna. Hakuacha kufuta.

"Niliona gurudumu, Royce," akasema. "Picha ya Agosti 2017, pembeni chini. Majani yalikuwa yameteleza."

Aliliona siku ile ile Bi Merle alipoandika kwamba miti imekufa, aliporudi kuzitazama picha zote upya. Nikamuuliza kwa nini hakunitaja.

"Ningekutaja ungejitetea tu. Na mimi kukosea nilikosea kweli. Nilikuuliza mara moja, sikuja kuangalia. Unakaa maili ishirini kutoka kwangu, bwana." Akaweka chungu chini. "Nimewauliza watu zaidi ya elfu nne wako wapi. Wote walinijibu, hata yule wa Tasmania. Ulikuwa umebaki wewe."

Nilirudi mezani kwangu nisijue pa kuweka mikono. Kisha nikafanya mambo mawili. Kwanza, nilibadilisha mstari ulio chini ya jina langu jukwaani. Sasa unasema: "Royce, Cloquet, kanda ya 4. Mpichi wangu ulikuwa kwenye pipa la magurudumu na ulilala gerejini. Ardis hakudanganya mtu, nilidanganya mimi." Pili, nilimtumia Bi Merle ukurasa huu kabla haujachapwa, kwa sababu amealikwa Ijumaa na sikutaka ausome kwa mara ya kwanza akiwa na sahani mkononi mbele ya watu.

Jibu lake lilichukua siku mbili, na siku hizo sizisahau. Liliandikwa hivi: "Nimekusoma. Sijui bado nikuambie nini, na Ijumaa usinikumbatie. Visiki vitatu bado viko mbele ya dirisha, sikuwa na nguvu ya kuving'oa. Njoo Jumamosi na koleo lako." Nimemuomba ruhusa ya kuliweka hapa, naye ameniruhusu.

Leo asubuhi nimefungua jukwaa kama kawaida. Chini ya jina la Bi Ardis pameandikwa: "Ardis, Duluth, kanda ya 4." Maneno ya mipichi hayapo tena.

Bi Ardis, kwa niaba ya wafanyakazi wa Ostby na wanachama wa kanda zote, kutoka wanaochimba theluji hadi wanaochuma machungwa, tunakushukuru kwa miaka thelathini na mmoja, na kwa kutuuliza kila mara kama mtu anayetaka kujua kweli. Tunakuombea viangazi virefu, mgongo usiouma, na Januari zenye huruma. Pumzika vyema, wewe na vyungu vyako. Na ukifungua jukwaa Jumamosi ukataka kujua niko wapi, niko Bemidji, kanda ya 3, nachimba.