Bi Mauza na Madirisha ya Kaunta ya Mtaa wa Sikukuu

Tarehe 30 Juni 2025 Bi Mauza Hamud anastaafu, baada ya kuitumikia kampuni yetu ya Tufike Mizigo kwa miaka ishirini na saba. Wenzetu wapya wanamjua kama mama wa mfumo, yule wa kupigiwa simu kaunta inapogoma, na huenda wasiamini kwamba aliajiriwa kupiga chapa hati za mizigo. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa ofisini iliwekwa pembeni na kufunikwa kitambaa, kila mtu akiogopa kuiharibu. Bi Mauza ndiye aliyekitoa kile kitambaa. Akaenda kusoma jioni kwa gharama zake mwenyewe, na kampuni ilipoanza kuandikisha mizigo kwa njia ya tovuti, yeye ndiye aliyekabidhiwa kazi hiyo.

Sisi watu wa kaunta tuna namna moja tu ya kuripoti tatizo: "Bi Mauza, mfumo unazingua!" Naye alikuwa na swali lake lile lile: "Unazingua wapi, na ulibonyeza nini kabla haujazingua?" Nani akumbuke, na wateja wamejaa mpaka nje kwa muuza ndala? Akaamua mfumo wenyewe ndio ukumbuke. Akauwekea kumbukumbu za matumizi: karani akifungua ukurasa, akichagua mji mzigo unakokwenda, akithibitisha mzigo, mfumo unaandika ni nani, saa ngapi na amefanya nini. Tatizo likitokea, Bi Mauza anasoma kurudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka aone lilipoanzia.

Mwanzoni alipitiliza, na hili hatuachi kumtania. Aliuambia mfumo uandike kila kitu, hata karani akisogeza kipanya tu. Wiki ya kuelekea Idi, nguo za watoto za kwenda mikoani zimepangwa mpaka kwenye ngazi, kumbukumbu zikajaa na mfumo ukalala. Bi Mauza akashuka kaunta, akakaa nasi kuandika stakabadhi kwa mkono huku akijicheka mwenyewe. Kesho yake akapunguza, akabakiza yale tu yanayosaidia kutafuta hitilafu. Nywila za watu hakuwahi kuziandika tangu siku ya kwanza, na namba za simu za wateja alizificha.

Lakini siwezi kumuaga bila kusimulia habari ya mizigo iliyopotea njia.

Mwaka 2018, mizigo iliyoandikishwa kaunta ya Mtaa wa Sikukuu ilianza kufika kusikotakiwa. Khanga za Masasi zikashushwa Tanga, vipuri vya simu vya Iringa vikaenda Masasi, na wateja wakaja juu. Bwana Zakayo, aliyekuwa meneja wa uendeshaji, akataka kumbukumbu zitolewe. Zikaonyesha karani mmoja amechagua Masasi, akarukia Tanga, akarudi Masasi, akarukia Iringa, yote ndani ya muda mfupi. Yeyote aliyezisoma aliona mtu asiye makini na kazi. Barua ya kumwachisha kazi ikaandikwa.

Karani huyo ni mimi ninayeandika haya. Sikuwa hata na mwaka kazini. Mama yangu kule Newala alikuwa akinitegemea mimi kwa dawa zake za sukari. Na sikuwa na la kujitetea, kwa sababu kumbukumbu zilisema kweli: kote huko nilibonyeza mimi.

Bi Mauza alimwomba Bwana Zakayo asitie sahihi kwanza. Akaja kaunta, akavuta kigoda, akakaa nyuma yangu kunitazama. Nami nikaendelea na kazi kama kawaida ya hapa kwetu Kariakoo, ambako mteja ukimwambia asubiri anahamia mlango wa pili. Mmoja anafunga boksi lake kwa selotepu, wa pili anampigia mpokeaji kumuuliza jina kamili, wa tatu ameenda kutafuta chenji, na wote nawahudumia kwa pamoja. Kila mmoja nilikuwa nimemfungulia dirisha lake kwenye kompyuta, narukia hili, narudi lile.

"Benedikta mwanangu," akaniuliza, "hayo madirisha yote ya nini?"

"Kila mteja na lake, Bi Mauza. Nikiwapanga mstari wataondoka."

Akacheka mpaka akashika meza. Waliotengeneza mfumo, yeye akiwamo, walidhani karani anamaliza mteja mmoja ndipo anamwita mwingine. Kwa hiyo mfumo ulikuwa unaweka mji mmoja tu kwa kila karani. Nikichagua Tanga katika dirisha moja, unaisahau Masasi ya dirisha jingine, ingawa mbele ya macho yangu bado imeandikwa Masasi. Nazo kumbukumbu ziliandika jina langu bila kuandika ni dirisha lipi. Akaongeza hilo tu. Tuliposoma tena kumbukumbu za siku iliyofuata, kila dirisha lilikwenda moja kwa moja mpaka mwisho, na aliyechanganya miji akaonekana kuwa ni mfumo wakati wa kuhifadhi. Bi Mauza akaurekebisha. Bwana Zakayo alishuka mwenyewe kaunta kuniomba radhi mbele ya wateja, na hilo nampa heshima yake.

Baadaye ikatolewa rai kwamba kumbukumbu hizo zitumike pia kuwakamata wavivu. Bi Mauza, ambaye tulimzoea kwa upole na kwa samaki wa kukaanga aliotuletea kutoka soko la Feri kila Jumamosi ya zamu, siku hiyo alikuwa mkali. "Hizi ni za kutafutia ugonjwa wa mfumo," alikiambia kikao. "Mkitaka habari za mtu, muulizeni mtu." Uongozi ukakubali, na mpaka leo hapa Tufike hakuna mfanyakazi anayehukumiwa kwa kumbukumbu kabla hajaulizwa. Kati ya yote aliyotuachia, wengi wetu tunalishukuru hili kuliko yote.

Sasa anaiacha nyumba ya Upanga na kuhamia Kigamboni, ambako anasema hatabonyeza kitu chochote isipokuwa kengele ya jirani.

Bi Mauza, barua yangu ilikuwa imebakiza sahihi tu. Miaka yote hii nimekula jasho langu hapa, na mama yangu hajawahi kukosa dawa, kwa sababu ulishuka ngazi kuja kuniuliza. Sina zawadi ya kulingana na hiyo. Wenzako wote tunakuombea afya, usingizi mzuri na siku nyingi za furaha. Asante, mama.

Benedikta
Msimamizi wa Makarani, Kaunta ya Mtaa wa Sikukuu